Dereva Aliyevuka Daraja Lisilokuwepo

Mbaraka Chitundu hakuwa na gari lake mwenyewe, ingawa alikuwa ameendesha magari kwa miaka thelathini na moja. Hakuwa na ndugu serikalini. Hakuwa na mke, maana mkewe alikwishatangulia mbele ya haki. Hakuwa na mtoto wa kiume, hakuwa na simu ya kupangusa, hakuwa na jino la mbele upande wa kulia. Hakuwa na miwani. Akitaka kusoma aliisogeza karatasi mbali na uso mpaka maneno yakubali. Hakuwa na ajali. Wala hakuwa na uongo hata mmoja katika kitabu cha safari cha gari, na hili la mwisho watu wa nchi yetu walilihesabu miongoni mwa upungufu wake mkubwa.

Nchi yetu sitaitaja jina. Si kwa hofu. Ni kwamba kila ninapoitaja, msomaji wa nchi nyingine hudhani naisema yake, nami sipendi kugombanisha watu na nchi zao.

Mbaraka alikuwa dereva wa gari la wagonjwa la kituo cha afya cha Kwamkole. Kutoka Kwamkole hadi hospitali ya wilaya ni maili arobaini, na katikati unakatiza Mto Mkorofi, mto wenye mawe, viboko na tabia mbaya. Njia ilikuwa moja, ile ya wazee wetu: unazunguka juu mpaka mahali penye mawe mapana, ambapo maji hayapiti goti hata masika, unavuka taratibu, unashuka upande wa pili. Mbaraka aliijua njia hiyo kama mtu anavyojua ngazi za nyumba yake. Alijua jiwe la kukanyaga na jiwe la kuliheshimu.

*

Siku moja Waziri wa Mwelekeo na Ufikaji alirudi kutoka ziara ya nchi za mbali, akaitisha mkutano wa hadhara na kutangaza kwamba taifa limepotea. Watu walishtuka, maana walidhani serikali haijagundua. Kisha wakaelewa kwamba alikuwa akizungumzia magari.

"Ndugu wananchi," alisema Waziri, "taifa linaloulizauliza njia ni taifa lisilojua liendako! Wataalamu wangu wamepima. Dereva wetu akisimama kuuliza njia mara moja tu, husalimia dakika nne. Huulizwa habari za nyumbani dakika sita. Huletewa maji ya kunywa, na akikataa huonekana ana dharau. Mwisho huambiwa, 'Hapo mbele tu.' Hapo mbele tu, ndugu zangu, ni maili kumi na mbili!"

Watu walipiga makofi kwa nguvu, kwa sababu hilo la mwisho lilikuwa kweli, na si kila mkutano mtu anapata la kweli la kupigia makofi.

Ndipo kikazinduliwa Kielekezi cha Taifa. Kilikuwa kifaa cheusi chenye kioo, ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia, cha kubandikwa mbele ya dereva. Kilikuwa na ramani ya nchi nzima tumboni na sauti ya mwanamke mdomoni. Kwa kuwa muda ulikuwa mfupi, sauti ilichukuliwa kwa bibi mmoja aliyekuwa akisoma matangazo ya vifo redioni kwa miaka ishirini. Kwa hiyo ulipoambiwa, "Baada ya hatua mia tatu, pinda kulia," ulijikuta unavua kofia.

Madereva walikiita Mama Mkwe. Walisema ni kwa sababu haruhusiwi kujibiwa, haruhusiwi kukaziwa macho, na ukikosea kidogo anakuambia urudi ulikotoka.

Sheria yake ilikuwa na vifungu vitatu, nami navieleza kwa ufupi ili nisimchoshe mtu. Kwanza, kila chombo chenye injini kitakuwa na Kielekezi. Pili, kuuliza njia ni kosa, na kujibu ni kushiriki kosa. Tatu, pale ambapo Kielekezi na ardhi vitatofautiana, Kielekezi ndicho sahihi, na ardhi itarekebishwa kwa wakati wake.

Huenda utataka kujua ramani ilitengenezwaje. Wapimaji wangechukua miaka mitano, na uzinduzi ulikuwa na tarehe. Basi Wizara ikachukua taarifa za utekelezaji zinazoletwa na wilaya kila mwisho wa mwaka. Barabara iliyoandikwa "imekamilika" ikachorwa. Barabara iliyoandikwa "imefutwa baada ya kukamilika kwa mpya" ikafutwa. Ilichukua wiki tatu, na inasemekana hakuna mtu aliyechafua viatu.

*

Sasa nifike kwenye Daraja la Matumaini Mapya.

Daraja hili liko chini ya Kwamkole, mahali Mkorofi ulipo mpana kuliko pote. Liliwekewa jiwe la msingi na rais mmoja. Lilikatiwa utepe na mawaziri wawili, wa pili akirudia kwa sababu picha za yule wa kwanza ziliungua. Katika taarifa ya mwaka mmoja lilifikia asilimia mia moja. Mwaka uliofuata, asilimia mia moja na nne, ile ziada ikiwa ni kwa ajili ya juhudi.

Katika ardhi, ambayo haisomi taarifa, palikuwa na nguzo moja. Ilisimama peke yake katikati ya maji kama mgeni aliyefika siku isiyo ya sherehe, na juu yake mnandi alikuwa akianika mabawa.

Mama Mkwe hakumjua mnandi. Gari lililotoka Kwamkole kwenda wilayani liliongozwa moja kwa moja hadi ukingoni. "Baada ya hatua mia mbili, vuka daraja," alisema. Dereva akasimama. "Vuka daraja," akasema. Dereva akazima injini. "Vuka daraja," akasema bado, maana alikuwa na betri yake.

Kugeuza kulikatazwa; Kielekezi kingeandika kwamba umekaidi, na leseni ingekwenda. Kuvuka kulikatazwa na mto. Basi madereva wakakaa. Walikaa siku, wengine wiki. Kina mama wakaleta masufuria na vikaango. Fundi viatu akaja, kinyozi akaja na kioo chake. Kikapatikana kijiji, kikachagua mwenyekiti, na Wilaya ikaandika katika taarifa yake: "Mji mpya umechipuka kutokana na daraja." Mwaka uliofuata mji huo ulichorwa kwenye ramani, na hapo tukapata angalau kitu kimoja kilichokuwepo kote kuwili.

Jioni moja dereva wa lori mgeni alikaribia kulitii lile tangazo la Mama Mkwe. Magurudumu ya mbele yaliingia majini, akaokolewa na bahati na breki. Kesho yake wenzake walikata matawi mabichi wakayalaza barabarani, mafungu matatu, moja mbele ya jingine, kama madereva wa nchi yetu wanavyofanya tangu magari yalipofika. Hakuna asiyejua maana yake: mbele kuna jambo, punguza mwendo, mwenzio ameshaliona.

Maofisa wa Mamlaka ya Uelekeo walikuja wakayaondoa. Katika hati yao waliandika: "Majani yamekutwa yakitoa taarifa kinyume na ramani."

*

Asubuhi moja ya mvua, mama mmoja aliletwa kituoni kwa machela. Uchungu ulikuwa wa siku mbili na mtoto hatoki. Nesi Skolastika, ambaye alikiendesha kituo kile kwa dawa chache na ukali mwingi, alimtazama mara moja tu.

"Mzee Mbaraka, washa gari."

"Limeshawaka."

"Tunapita wapi?"

"Tunapita iliyopo."

Mama Mkwe alianza kusema, "Baada ya hatua..." Mbaraka akachukua kitenge cha mgonjwa kilichokuwa kimebaki kitini, akakifunika Kielekezi taratibu na kwa adabu, kama mtu anayemfunika mkwe aliyelala wazi. Akapanda juu kwenye mawe mapana. Njia nzima sauti ilisikika chini ya kitenge ikitangaza kwamba amekosea, amekosea, arudi alikotoka, na yule mama aliyelala nyuma akauliza kati ya maumivu, "Nani amekufa?"

"Hajafa mtu," alisema Nesi Skolastika. "Ni serikali inaongea. Vuta pumzi."

Walifika. Mama alipasuliwa, mtoto akalia, mama akapona. Mbaraka akafungua kitabu cha safari, akakisogeza mbali na uso, akaandika: *Kwamkole hadi hospitali, mgonjwa mmoja, kupitia mawe ya juu. Daraja halipo.*

Maneno mawili ya mwisho ndiyo yaliyomponza. Kama angeandika kwamba gari lilipaa, pengine lingetafutiwa fomu.

*

Aliitwa mbele ya Kamati ya Nidhamu ya Uelekeo. Mwenyekiti alikuwa Bwana Mkunde, Mkurugenzi wa Mamlaka yenyewe, mtu mnene mwenye upole unaochosha, aliyekuwa na kalamu nne mfukoni zote za rangi moja.

"Mzee Chitundu, siku hiyo ulitoka Kwamkole?"

"Nilitoka."

"Ukafika hospitali?"

"Nilifika, mheshimiwa."

"Kati ya Kwamkole na hospitali kuna mto?"

"Upo, na ulikuwa umejaa."

"Kwa mujibu wa ramani, mto huo unavukwa wapi?"

"Darajani."

"Basi," alisema Bwana Mkunde huku akifungua mikono, "ulivuka daraja."

"Sikuvuka, mheshimiwa. Halipo."

"Halipo, nawe ulifika?"

"Nilipita mawe ya juu."

Bwana Mkunde akamtazama katibu. Katibu akayatafuta mawe ya juu kwenye ramani, akaisogeza huku, akaikuza, akaipunguza, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Hayapo, mheshimiwa."

"Unaona, mzee wangu? Hatukukuita kukuadhibu. Tumekuita kukupongeza. Katika magari yote, lako ndilo la kwanza kuonekana upande wa pili. Mheshimiwa Waziri amefurahi sana." Akavuta droo, akatoa kisanduku. Ndani yake palilazwa nishani ya shaba yenye picha ya daraja, zuri, lenye nguzo tisa. "Unachotakiwa ni kusaini tu. Kwamba uliliona, ukalivuka, ukafurahi."

"Kufurahi nako kunasainiwa?"

"Pale chini kabisa."

Mbaraka akaitazama karatasi kwa mbali, kama kawaida yake. "Mheshimiwa, mimi nikigonga mbuzi huandika mbuzi. Nikichelewa kwa sababu nililala, huandika nililala. Kitabu kile ndicho shule niliyosoma. Siwezi kuandika daraja palipo na mnandi."

"Mnandi gani?"

"Ndege, mheshimiwa. Anakaa juu ya nguzo."

"Kumbe nguzo umeiona!" alisema mjumbe mmoja wa kamati, akaandika.

"Mzee," alisema Bwana Mkunde, na sasa upole ulikuwa umefika mwisho wake, "taifa zima linaliona daraja hili. Rais ameliona, mawaziri wameliona, hata wafadhili wameliona kwa picha. Wewe ni nani usilione?"

"Mimi ni dereva, mheshimiwa. Ndimi ninayetakiwa kupita juu yake."

Leseni yake ikachukuliwa siku hiyohiyo. Ili atoke jengoni bila kumuuliza mtu mlango ulipo, alikabidhiwa Kielekezi cha mkononi. Kilimfikisha stoo. Mfagizi aliyemkuta humo alimtoa kwa kumwashiria kwa macho, maana ufagio alikuwa ameushika kwa mikono miwili na watoto alikuwa nao watano.

Kamati haikuishia hapo. Ilijadili kwa siku mbili ile njia ambayo haikuwepo, ikaona ni hatari watu kupita mahali ambapo hapapo. Ikaamuru pawekwe kizuizi. Palipelekwa mti mwekundu kwa mweupe, askari wawili, viti viwili, na kibao: HAKUNA NJIA. Kwa kuwa sheria ilivitaja vyombo vyenye injini tu, watembea kwa miguu, baiskeli na mbuzi waliendelea kupita, na askari wakawainulia mti kwa salamu.

*

Mahali pa Mbaraka akaletwa dereva mpya, Hidaya, binti mwenye umri wa miaka ishirini na sita, mwenye adabu na cheti kipya. Wiki ya kwanza alikwenda nyumbani kwa mzee.

"Shikamoo, Mzee Mbaraka."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Starehe. Mzee, mimi sikuja kuuliza."

"Nami sikukaa hapa kujibu."

"Ninajisemea tu kwa sauti kwamba sijui mawe mapana yanaanza wapi."

"Nami nina tabia ya uzee ya kuongea peke yangu," alisema Mbaraka, akiangalia ukuta. "Hujiambia: ukipita kwa marehemu fundi baiskeli, shuka. Ukiona jiwe lenye mgongo kama ng'ombe aliyelala, liache kulia kwako. Usiliguse hata kama maji yamepungua. Lile limeua lori la Bedford."

"Asante kwa kutoniambia, mzee."

Hidaya alijaribu njia ile siku ya pili, gari likiwa tupu. Askari wa kizuizi alisimama, akavaa kofia.

"Dada, mimi sina ubaya nawe. Lakini nikikupitisha, kitabuni nitaandika umepita wapi?"

"Andika nimepita hapa."

"Hapa hapapo." Akaonyesha kibao, akakaa tena kwenye kiti cha serikali. "Na mimi nimepangiwa miezi saba ya kulinda hapa."

Sasa niseme jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike. Mbaraka alikuwa na binti mmoja, Sikudhani, mke wa mwalimu wa Kwamkole. Alikuwa mjamzito wa miezi minane. Mimba mbili za kabla ya hii hazikufika. Nesi Skolastika alimpima, akarudia kumpima, kisha akamtoa Mbaraka nje, chini ya paa la kituo, ambako mvua ilifanya wasisikiwe.

"Mzee, kondo la nyuma limekaa chini, limeziba mlango. Huyu hawezi kuzaa hapa. Akizaa hapa, damu itatoka na mimi sina damu ya kumrudishia. Lazima apasuliwe."

"Lini?"

"Hazidi wiki tatu."

"Tumpeleke kwa baiskeli sasa hivi, akasubiri huko."

"Ukimpandisha kwenye baiskeli hata maili mbili, atavuja njiani. Machela kwenye mawe yale, hivyohivyo. Huyu alale, na siku ya kuondoka aondoke amelala, kwenye gari, taratibu."

Mbaraka alilitazama gari lililoegeshwa uani.

"Gari linaishia ukingoni," alisema.

"Najua linakoishia," alisema Nesi Skolastika. "Nimeshawapoteza wawili pale, wakisubiri ramani."

*

Mbaraka aliazima baiskeli. Askari walimwinulia mti, wakamsalimu kwa heshima, akavuka mawe akiisukuma. Siku ya pili jioni alikuwa wilayani, na asubuhi yake alisimama kwenye dirisha la Mamlaka ya Uelekeo. Nyuma ya dirisha alikaa karani, Bi Mwanamvua, mama wa makamo aliyekuwa akifuma kofia chini ya meza.

"Fomu gani, mzee?"

"Ya kusema daraja halipo."

Bi Mwanamvua hakucheka. Wafanyakazi wa nchi yetu walikwishaacha kucheka kazini, si kwa amri, bali kwa uchovu. Alizisoma fomu zilizopangwa ukutani kama mtu anayesoma majina ya wafu wa ukoo wake.

"Kuna Fomu ya Daraja Jipya. Kuna ya Daraja Kubadilishwa Jina. Kuna ya Kuomba Utepe. Ya daraja kutokuwepo haipo."

"Basi ya kufungua njia ya zamani."

"Njia gani?"

"Ya mawe ya juu."

"Hiyo haipo, mzee, na kisichokuwepo hakifunguliwi." Alitupa jicho nyuma, akaona mkuu wake anazungumza kwa simu kuhusu keki ya maadhimisho, akashusha sauti. "Una mgonjwa?"

"Binti yangu."

Sindano ya kufumia ikasimama. "Sikiliza. Daraja lisilokuwepo halina dawa. Lakini daraja bovu lina fomu. Ukitoa taarifa ya hitilafu, mashine inalifunga yenyewe ndani ya siku saba, haiulizi mtu. Tena sheria inalazimisha pafunguliwe barabara ya mchepuo mpaka litengenezwe. Upande ule mchepuo ni wapi?"

"Hakuna pengine ila mawe ya juu."

"Unaona? Kizuizi kinaondoka chenyewe."

"Nipe hiyo fomu."

"Ngoja. Taarifa ya hitilafu inapokewa kwa mtu aliyelivuka tu. Na aliyeandikwa kuwa alivuka ni mmoja nchi nzima, nasikia ni mzee mmoja mbishi aliyekataa nishani." Akamtazama vizuri, kuanzia jino lililokosekana mpaka kwenye viatu vyenye matope. "Ala! Ni wewe."

"Ni mimi."

"Basi hitilafu iko mkononi mwako, baba. Sheria inasema aliyevuka aandike barua kwa mkono wake, akiri kwamba alivuka, aipeleke kwa posta. Hapa dirishani tunapokea shukrani tu."

Mbaraka akavaa kofia yake. "Nilisema mbele yao kwamba sikuvuka."

"Ulisema kweli," alisema Bi Mwanamvua, akarudi kwenye kufuma. "Imekusaidia nini?"

*

Alirudi Kwamkole siku mbili nyingine. Hakumwambia mtu. Alikaa karibu na kitanda cha Sikudhani, ambaye alikuwa amelazwa miguu ikiinuliwa kwa mito, akitazama paa.

"Wamesemaje, baba?"

"Wamesema wanashughulikia."

"Ah. Basi nitazaa mjukuu wako atakapokuwa na ndevu." Akacheka kidogo, akajizuia, maana hata kucheka alikatazwa. "Ile nishani ungeichukua, tungeizibia pale panapovuja. Tazama, tone linaniangukia mguuni tangu jana."

"Ilikuwa ndogo. Isingeziba."

"Baba, mume wangu amesikia habari kwa watu waliotoka mjini. Anasema ipo barua unayoweza kuandika."

Mbaraka akamfunika miguu kwa shuka.

"Mimi sikuombi," alisema Sikudhani. "Nimekulia kwenye kile kitabu chako. Nilipokuwa mdogo ulinisomea: leo nimegonga kuku, nimelipa kuku. Nilidhani baba za watu wote huandika kuku. Sikuombi." Tone likaanguka tena. Kisha akasema kwa sauti nyingine, ndogo, "Baba, naogopa."

Mzee aliinuka, akasogeza kitanda ili tone lianguke chini. Akaomba karatasi kwa mkwewe mwalimu, ile yenye mistari, akaomba na kalamu. Akakaa mezani mchana wote. Aliyekuwa akipita nje alimwona ameishika karatasi mbali na uso wake, akiandika kwa mkono ulionyooka kabisa, kama anayesukuma kitu.

Barua ilisomeka hivi:

*Kwa Mkurugenzi, Mamlaka ya Uelekeo.*

*YAH: HITILAFU KATIKA DARAJA LA MATUMAINI MAPYA*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu.*

*Mimi, Mbaraka Chitundu, dereva wa zamani wa Kituo cha Afya Kwamkole, nathibitisha kwamba nililiona daraja tajwa, nikalivuka, nikafurahi. Mbele ya Kamati yako nilikana. Naomba radhi; nilikuwa na kiburi.*

*Hata hivyo, nikiwa juu ya daraja hilo niligundua ufa. Ufa huo unaanzia ukingo wa Kwamkole na kuishia ukingo wa pili. Upana wake unakaribiana na upana wa mto. Nguzo moja tu ndiyo niliyoiona ikiwa salama, nayo inatumiwa na ndege.*

*Kwa usalama wa wananchi, naomba daraja lifungwe kwa matengenezo na barabara ya mchepuo ifunguliwe mara moja kupitia mawe ya juu. Matengenezo yasiharakishwe. Kazi nzuri haitaki haraka, hasa kwa daraja zuri kama hili.*

*Sihitaji nishani.*

*Wako mtiifu,*
*M. Chitundu.*

Aliisoma mara moja. Hakuisoma mara ya pili. Gundi ya bahasha ilikuwa imekauka kwa kukaa dukani miaka mingi, basi akachovya kidole kwenye sufuria ya uji wa muhogo wa binti yake, akapaka pembeni, akakunja, akaibana kwa ngumi mpaka ikashika.

Mzee Chande, mchukua barua, alikuwa anafunga mfuko wa posta kwenye baiskeli tayari kwa safari ya wilayani. Yeye hakuwa na injini, kwa hiyo alikuwa bado anajua njia.

"Hii iwahi, Chande."

"Zote huambiwa ziwahi. Imebeba nini?"

"Daraja."

Chande akaipima bahasha mkononi, akainua nyusi.

"Mbona jepesi?"

"Ndivyo walivyolijenga," alisema Mbaraka.

Chande akaitia mfukoni, akakaza kamba, akapanda baiskeli na kuelekea juu, kwenye mawe.